Vijana Hatarishi au Vijana Walio Hatarini? Uhakiki wa Lugha ya Ulezi wa Kikristo kwa Vijana Balehe na Familia Zao

Ikisiri

Makala hii inahakiki Kiswahili kinachotumiwa na makanisa na mashirika ya Kikristo ya ukanda wetu katika kuwalea vijana balehe walio katika matatizo: walioacha shule, waliopata mimba, walioingia mtaani, wanaotumia dawa za kulevya au waliokosana na nyumba zao. Inadai kwamba nia njema ya kazi hiyo hupotoshwa mara nyingi na msamiati wake. Kijana aliye hatarini hutajwa kana kwamba yeye ndiye hatari, mzazi hutajwa pale tu alipokosea, na mtu wa kanisa hupewa jina ambalo kwa mila na kwa sheria ni la mzazi. Mifano imetoka Tanzania, Kenya, Rwanda na Kongo.

1. Kivumishi kinachomgeuka kijana

Nianze na neno moja. Kwa miaka mingi sasa nyaraka za Kiswahili zinazohusu ustawi wa jamii zimezoea ibara "mazingira hatarishi". Ibara hiyo haina kosa. Kutokana na nomino hatari tumepata kitenzi hatarisha, na kutokana na kitenzi hicho tumepata kivumishi hatarishi, kwa njia ileile iliyotupa angamizi kutokana na angamiza. Kivumishi cha aina hii humtaja mtenda. Silaha angamizi huangamiza. Mazingira hatarishi huhatarisha. Mtoto anayeishi humo ndiye anayehatarishwa.

Tatizo huanza ibara inapofupishwa. "Vijana wanaoishi katika mazingira hatarishi" ni maneno matano, na jedwali la taarifa ya robo mwaka lina nafasi ya mawili. Hapo huzaliwa "vijana hatarishi". Njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa na kampeni za afya, ambazo zilikihamisha kivumishi hiki kutoka kwenye tabia hadi kwenye watu, tukapata "makundi hatarishi". Nimeikuta ibara "vijana hatarishi" katika mwongozo wa ulezi wa kanisa, katika tangazo la mkesha, na mara moja katika sala iliyochapishwa, ambamo waamini walialikwa kuwaombea vijana hao. Aliyeitunga sala hiyo bila shaka alikusudia mema. Lakini mbwa hatarishi si mbwa anayehitaji kuokolewa. Ni mbwa anayehitaji kufungwa. Msikilizaji wa kawaida wa Kiswahili, asiyejua historia ya ibara hiyo katika ripoti za miradi, husikia maana hiyo ya pili.

Wapo wenzangu watakaonijibu kwamba lugha ni ya watu, na kwamba neno likikubalika halina haja ya kuombewa ruhusa kwa wanasarufi. Kwa maneno mengi ninakubali. Hapa sikubali, kwa sababu neno hili husafiri. Hutoka kwenye mwongozo wa kanisa likaingia kwenye barua ya kumtambulisha kijana kwa afisa ustawi wa jamii, kwa mwalimu mkuu, kwa mkuu wa kituo cha polisi. Anayeipokea barua hupokea pamoja nayo tafsiri ya mtu aliyesimama mbele yake. Tofauti kati ya "aliye hatarini" na "hatarishi" huweza kuwa tofauti kati ya kiti na selo.

Kuna ugumu mwingine ambao ni wa mpaka wa umri. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 humwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 humwita kijana mtu wa miaka 15 hadi 35. Msichana wa miaka 16 basi ni mtoto na ni kijana, na katika makanisa mengi maana yake ni kwamba si wa upande wowote. Shule ya Jumapili ni ya wadogo zake. Idara ya vijana ina mwenyekiti aliyeoa na mwenye watoto wawili, na mada zake ni mikopo na uchumba. Neno "balehe" lipo, ni la zamani na ni sahihi, lakini wahubiri wengi hulikwepa kwa haya. Rika lisilotajwa huwa gumu kupangiwa bajeti.

2. Majina ya mtaani na jina la Undugu

Kila mji una jina lake kwa mtoto aliyeachana na nyumba. Nairobi humwita chokoraa, kwa picha ya mtu anayechokora majalala. Goma na Bukavu humwita maibobo, jina linalofahamika pia kwetu Rwanda. Lubumbashi, kama Kinshasa, hutumia shege. Tanzania imeshikilia "mtoto wa mitaani", ibara yenye adabu zaidi lakini yenye kasoro yake: kihusishi -a humfanya mtoto kuwa mali ya mtaa, kana kwamba huko ndiko alikozaliwa. Hakuna hata jina moja kati ya haya linalobakiza kumbukumbu ya mama.

Kwa sababu hiyo naona tukio la Nairobi la mwaka 1973 kuwa tukio la kiisimu pia. Padri Mholanzi, Arnold Grol, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyefanya kazi na wavulana waliokuwa wakiongoza magari kwenye maegesho ya mji, alianzisha jumuiya iliyoitwa Undugu. Angeweza kuchagua jina la mtakatifu, au neno la Kiingereza linalovutia wafadhili. Neno undugu halisemi lolote kuhusu kosa la mtoto wala ukarimu wa anayempokea. Linasema kwamba baina yao kuna nasaba, na nasaba ina wajibu wa pande mbili. Anayeitwa ndugu anaweza kudai, na anaweza kudaiwa. Sijui neno jingine la kazi hii katika ukanda wetu ambalo limefanya kazi kubwa kiasi hicho kwa silabi tatu.

Niseme pembeni jambo ambalo wageni wa Kigali na Kampala hulijua baada ya muda. Kwetu, Kiswahili chenyewe kiliwahi kuhesabiwa miongoni mwa dalili za kijana aliyeharibika. Kilikuwa lugha ya sokoni, ya madereva, ya kambi za jeshi, na katika Kigali kilihusishwa na mtaa wa Nyamirambo na Waislamu wake. Mzazi Mkristo aliyemsikia mwanawe akiongea Kiswahili na wenzake alianza kuuliza anakoshinda. Sheria ya mwaka 2017 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Rwanda, na baraza la mawaziri la Uganda likafuata njia hiyo mwaka 2022, lakini dhana haifutwi na sheria. Mchungaji wa Kigali anayeamua leo kuongea na vijana wa mtaani kwa Kiswahili anawaendea katika lugha ambayo mabaraza ya kanisa lake yaliwahi kuidharau. Vijana hulitambua hilo haraka kuliko mchungaji.

3. Mlezi ni nani?

Mtu mzima anayekabidhiwa kijana mmoja au wachache, akae nao, awasikilize na awaongoze kwa muda mrefu, Kiswahili humwita kwa majina mengi: mshauri, mnasihi, mlezi, na siku hizi hata menta. Jina lililoshinda makanisani ni mlezi. Linapendeza, na ndilo ninaloliogopa zaidi.

Kitenzi kulea ni cha mzazi. Kwa upanuzi kimeingia katika seminari, ambako mlezi ni padri anayewaandaa waseminari, na katika vyama, ambako mlezi ni mtu mashuhuri anayepigwa picha mara moja kwa mwaka. Lakini chukua fomu yoyote ya shule au ya hospitali. Utaikuta nafasi iliyoandikwa "mzazi/mlezi". Hapo mlezi ni mtu anayesimama mahali pa mzazi asiyekuwepo. Mradi wa kanisa unapomtambulisha mtu mzima kwa kijana kuwa "huyu ndiye mlezi wako", unamwambia mama aliyekaa pembeni ya benchi kwamba nafasi yake imekwisha kuandikwa jina jingine. Sikuwahi kumwona mama akipinga hadharani. Nimewaona wakiacha kuja.

Mila zetu zilikuwa makini zaidi katika jambo hili. Pwani, kungwi aliyemfunda mwali hakuitwa mama yake. Alikuwa na jina lake, kazi yake na malipo yake, na mama alijua kungwi anaanzia wapi na anaishia wapi. Katika jando alikuwepo nyakanga. Kazi ya kumvusha kijana kutoka utotoni iligawanywa kwa watu wasiokuwa wazazi, kwa makusudi, lakini wazazi ndio waliomkabidhi na ndio waliompokea.

Wakristo wa Masasi, kusini mwa Tanzania, walilielewa hili mapema. Tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, chini ya Vincent Lucas, mmisionari Mwanglikana aliyekuwa baadaye askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, walijaribu jando la Kikristo. Maombi ya kanisa yaliwekwa mahali pa matambiko, lakini kambi, mafundisho na sherehe ya kurudi viliachwa. Jaribio hilo limehakikiwa sana, na si bila sababu: kulikuwa na mmisionari anayeamua kipi ni mila njema na kipi si njema. Kwa hoja yangu inatosha kutazama jina. Kwa kulibakiza neno jando, walibakiza pia wajibu wote uliofungamana nalo. Hakuna jando ambalo familia haihusiki. Ipo "programu ya ulezi" ambayo familia haihusiki, na ndiyo ya kawaida.

Makanisa yanayo pia taasisi yake yenyewe ambayo yameiacha ilegee. Walutheri wa Tanzania humweka kila kijana wa usharika katika darasa la kipaimara, aghalabu kwa miaka miwili, katika umri uleule tunaouzungumzia. Wakatoliki wanacho kipaimara chenye wasimamizi. Msimamizi! Neno hilo halina utata wa mlezi: hudai kusimama karibu, halidai kuzaa. Lakini baada ya picha ya kanisani na soda, msimamizi wengi hawamwoni tena, na utani wa waumini kwamba kipaimara ni mahafali ya kuhitimu kanisa una ukweli unaouma. Kabla ya kuomba fedha za kuanzisha mpango mpya wa walezi, usharika ungeweza kuuliza wasimamizi wake wako wapi.

4. Upendo, huruma na neno la Torino

Mfano wa pili wa tafsiri unahusu Wasalesiani, ambao kazi yao kwa vijana ni kubwa katika eneo letu. Walifika Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, mwaka 1911. Kenya na Tanzania waliingia mwaka 1980. Kituo chao cha Ngangi, Goma, kimepokea watoto na familia zilizokimbia vita zaidi ya mara moja.

Mwanzilishi wao, Giovanni Bosco (1815–1888), alianza na wavulana wa magereza ya Torino. Aliona kwamba waliotoka walirudi gerezani kwa sababu nje hawakuwa na mtu. Katika andiko lake la mwaka 1877 aliuita mwenendo wake mfumo wa kuzuia, kinyume cha mfumo wa kukandamiza, na akaujenga juu ya nguzo tatu: akili, dini, na amorevolezza. Kwa Kiswahili tunasema "akili, dini na upendo", na waalimu wengi huishia hapo. Neno la tatu limepungua. Amorevolezza si upendo tu. Ni upendo unaoonekana, unaopitia katika uso, mzaha na muda uliotumika pamoja. Katika barua aliyoandika kutoka Roma mwaka 1884 Bosco aliwalalamikia wenzake kwa sababu hii hasa: waliwapenda vijana, lakini vijana hawakujua.

Wapo waliotafsiri dhana hii kwa huruma. Huruma ni neno tukufu linapotajwa kwa Mungu. Baina ya watu wawili huweka ngazi: mwenye huruma yuko juu, anayehurumiwa yuko chini. Kijana wa miaka 15 huisikia ngazi hiyo kabla ya kusikia neno lolote la Injili. Kiswahili kina njia rahisi zaidi, nayo ni kitenzi kukaa na. "Alikaa na sisi", anasema mtu mzima akimkumbuka padri au mwalimu wa ujana wake, na hakuna haja ya kueleza zaidi. Ndiyo maana pia sikubaliani na "msaidizi" kwa yule Msalesiani anayeshinda uwanjani na vijana. Kwa Kiitaliano, neno lake lina maana ya kuwepo. Kwa Kiswahili, msaidizi huja na msaada, na msaada una gunia.

5. Samaki aliyekwisha kukauka

Miongozo ya ulezi hupenda methali. Inayoongoza ni "Samaki mkunje angali mbichi", ikifuatwa na "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" na "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu". Zote ni kweli kwa mtoto wa miaka mitatu. Zikisomwa mbele ya wazazi wa kijana wa miaka 16 aliyetoka kukamatwa, hazisemi lolote isipokuwa kwamba muda umepita na kwamba mkosaji ni mama. Ya tatu ni kali zaidi, kwani baba hatajwi kabisa. Nimeisikia ikitolewa na baba.

Kama ni methali, basi mlezi wa vijana balehe angeanza na "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi". Hiyo inamkuta mtu mahali alipo.

Maandiko hutumiwa kwa upofu wa aina hiyohiyo. Sura ya 15 ya Injili ya Luka ina mifano mitatu ya kupotea: kondoo, sarafu na mwana. Mikutano ya vijana huchukua wa tatu karibu kila mara, chini ya kichwa "mwana mpotevu". Neno mpotevu lina pande mbili kwa Kiswahili, aliyepotea na aliye mpotovu wa mwenendo, na mhubiri huchagua upande wa pili. Kijana hupewa nafasi ya mwana mdogo, aliyeondoka kwa hiari yake na mfuko umejaa. Ni wangapi kati ya vijana tunaowazungumzia walioondoka na mfuko umejaa?

Mfano wa katikati haupendwi, labda kwa sababu ni mfupi. Sarafu haikuondoka. Ilipotea ndani ya nyumba, na mwenye nyumba ndiye anayewasha taa na kufagia. Hakuna anayeihoji sarafu. Wengi wa vijana balehe waliopo hatarini hulala nyumbani kila usiku. Wamepotea hapohapo, kati ya baba asiyeongea na kitanda cha mjomba. Mradi wa Kikristo ungeusoma mfano huu kwa uzito, kazi yake ya kwanza ingekuwa katika sakafu ya nyumba, na baadhi ya watakaofagiliwa wangekuwa wazee wa kanisa.

6. Tubarerere: nani anayelea, na wapi

Mwaka 2013 serikali ya Rwanda ilianzisha mpango wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika familia. Ulipewa jina la Kinyarwanda, Tubarerere mu Muryango. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulifungua jina hilo karibu peke yake. Kurera ni kulea. Tu- ni sisi; -ba- ni wao; -er- ni kiambishi cha kutendea, kama katika lelea. Muryango ni familia, na ni ndugu wa mlango wetu, neno ambalo pwani lilimaanisha pia tawi la ukoo. Tuwalelee katika familia. Mtenda yupo, naye ni sisi. Mahali papo.

Linganisha na majina ya miradi tunayoyaandika kwa Kiswahili: uokoaji wa vijana, urekebishaji wa tabia, uunganishaji wa familia. Ni nomino zilizotokana na vitenzi, lakini mtenda amefutwa na kijana amebaki mtendewa. Wizara inayosoma jina kama hilo haiwezi kujua ni nani wa kuulizwa mradi ukishindwa. Kenya nayo sasa ina mkakati wake wa mageuzi ya matunzo ya watoto wa mwaka 2022 hadi 2032, unaoelekea upande uleule wa familia, na tafsiri zake za Kiswahili zitasomwa na wachungaji na mapadri wenye makao ya watoto. Itafaa watafsiri wasiufute mnyambuliko wa kutendea wala nafsi ya kwanza wingi.

Kwa mtu wa kanisa anayetembea na kijana, pendekezo langu ni msindikizaji. Wenzetu wa Kongo na Rwanda wanaofanya kazi hii kwa Kifaransa tayari hutumia dhana ya kuandamana na kijana, na Kiswahili kina desturi kamili ya jambo hilo. Mgeni akiaga, mwenyeji humsindikiza hadi mahali fulani, hurudi, na msafiri huendelea na safari yake. Msindikizaji hana madai juu ya safari. Neno lina doa, nalikiri: katika mashindano, aliyeshika mkia husemwa amesindikiza tu, na vijana watalicheka mwanzoni. Doa hilo ni jepesi kuliko lile la mlezi.

Lipo jambo dogo ambalo washauri wa sera wanaweza kulifanya bila kusubiri baraza lolote la lugha. Katika fomu za kumwandikisha kijana kwenye miradi ya makanisa inayopata kibali au fedha ya serikali, mstari wa "mzazi/mlezi" ugawanywe. Mstari wa kwanza uwe wa mzazi, au wa ndugu anayeishi naye, na saini yake. Mstari wa pili uwe wa msindikizaji, na tarehe atakayomaliza. Pasiwe na mkwaju kati yao.